Ufuta Wangu Umemezwa na Magugu: Je, Nibadilishe Mbegu?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mkulima mdogo na huu ni mwaka wangu wa tatu katika kilimo cha ufuta. Misimu miwili ya kwanza nililima ekari moja na nusu na mambo yakaenda vizuri, kwa hiyo msimu uliopita nikajipa moyo na kulima ekari 4. Cha kusikitisha ni kwamba mavuno ya ekari hizo 4 hayakuzidi yale niliyozoea kuyapata katika ekari moja na nusu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza huku na kule bila kupata jibu moja.

Mbegu nilipewa na jirani yangu kutoka katika ghala lake. Niliimwaga kwa mkono baada ya mvua mbili za kwanza, kama tulivyozoea, na ikaota vizuri sana. Baada ya hapo ufuta ukasimama. Ndago, mchicha pori na yale majani ya maji yanayotambaa na kutoa maua ya buluu yaliupita kwa wiki moja tu. Mimi na mke wangu tulianza palizi siku ya 25 tangu kupanda, tukianzia upande mmoja wa shamba, na tulipofika upande wa pili ilikuwa imeshatimia siku ya 50. Huko mwishoni ufuta ulikuwa mwembamba kama utambi na wa rangi ya njano, na mwingi tuliung'oa pamoja na magugu kwa kutoutambua.

Shida ya pili ilijitokeza wakati wa kuvuna. Mimea mingine ilikuwa na matawi mengi na kunifikia begani, mingine ilikuwa na shina moja tu. Mingine ilikauka na kufungua vitumba, yaani maganda yanayobeba mbegu, wakati mingine bado inatoa maua. Nilisubiri ile ya kijani ikomae, na nilipokwenda kukata nikakuta mbegu zimepukutika chini ya ile iliyotangulia. Hata kile nilichopata kilikuwa na mchanganyiko wa mbegu nyeupe na za kahawia, na mnunuzi akakipangia daraja la chini.

Shida ya tatu ni ya robo ekari ambayo msimu wa nyuma ilikuwa na mahindi. Mahindi yale yaliharibiwa na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, na nilikuwa nimeyapulizia kiuagugu cha atrazini. Ufuta niliopanda hapo uliota kama kawaida, kisha majani yakaanza kukauka kutoka pembeni na miche ikafa karibu yote.

Sasa kila mtu ananishauri lake. Muuza pembejeo anasema ipo dawa ya kupulizia juu ya ufuta ambayo huua magugu yote na kuuacha ufuta salama. Rafiki yangu anasema ninunue mbegu ya muda mfupi isiyo na matawi. Kijana wangu amesoma kuhusu ufuta usiopukutisha mbegu na anataka tuutafute huo. Mke wangu anasema tupunguze eneo na kurudi kwenye ekari 2, lakini naona kufanya hivyo ni kukiri kwamba nimeshindwa. Nifuate ushauri wa nani?

Mkulima Niliyechoka na Palizi

*

Ndugu Mkulima,

Barua yako imeandikwa na mtu anayelitazama shamba lake, kwa kuwa umenitajia hata siku uliyoanza palizi na siku uliyomaliza. Jibu la sehemu kubwa ya swali lako limo katika tarehe hizo mbili, ndiyo maana nitaanzia hapo kabla ya kugusa suala la mbegu.

Ufuta ni mmea unaoanza maisha yake ukiwa maskini. Mbegu 1,000 za ufuta zina uzito wa takriban gramu 3, yaani kilo moja ina mbegu zipatazo 330,000, na katika punje ndogo kiasi hicho hakuna akiba ya chakula ya kuusukuma mche kwenda juu kama ilivyo kwa hindi au haragwe. Kwa wiki nne za mwanzo mche hushughulika zaidi na mizizi, na anayeutazama kwa juu hudhani umedumaa. Mchicha pori na ndago havina subira hiyo. Kwa hiyo uliposema kwamba ufuta wako ulisimama, haukuwa umesimama. Ulikuwa unafanya kazi yake ya kawaida wakati jirani zake wanaunyang'anya mwanga, maji na mbolea. Kipindi ambacho magugu huupunguzia ufuta mavuno kwa kiwango kikubwa zaidi ni kati ya wiki ya pili na wiki ya sita baada ya kuota, na shamba lililoachwa bila palizi katika kipindi hicho linaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno. Palizi ya siku ya 50 hulipendezesha shamba, lakini haiurudishii mmea matawi na vitumba ambavyo ulishindwa kuvitengeneza siku ya 30.

Sasa tufanye hesabu ambayo nadhani mkeo ameshaifanya kichwani. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Ukipanda kwa mistari yenye nafasi ya sentimita 60, ekari hiyo itakuwa na mistari ambayo ukiiunganisha itafikia urefu wa mita 6,700 hivi, karibu kilomita 7 za kuinama na jembe. Tuseme mtu mmoja, akipalilia vizuri na kung'oa kwa mkono yale yaliyo katikati ya miche, anakwenda mita 100 kwa saa. Ekari moja itamchukua saa 67, na ekari 4 zitachukua saa 270 kwa makadirio. Mkiwa wawili, kila mmoja akifanya kazi saa 6 kwa siku, mtahitaji siku 22 au 23 bila kupumzika, bila msiba, bila mvua ya kuwazuia. Kipindi chote cha hatari ni siku 28, na ndani yake ufuta unatakiwa kupaliliwa mara mbili. Kasi ya mita 100 ni mfano tu. Chukua saa, palilia kwa saa moja kamili, pima umbali uliokwenda kisha uweke namba yako mwenyewe. Hata ukiwa na kasi mara moja na nusu ya hiyo, ekari 4 hazitoshei katika mikono minne. Zaidi ya hapo, wewe ulimwaga mbegu, na shamba lililomwagwa hupaliliwa polepole zaidi kwa sababu kila pigo la jembe linahitaji jicho lilitangulie.

Kwa hiyo mkeo ana haki, na wala sioni kushindwa popote katika maneno yake. Ekari 2 zilizopaliliwa kwa wakati ni shamba kubwa kuliko ekari 4 zilizopaliliwa nusu. Kama moyo wako haukubali kabisa kuacha ardhi hiyo, panda ekari 2 za ufuta na sehemu inayobaki weka zao linaloota kwa nguvu na kufunika ardhi mapema, kama kunde, ili msimu wa palizi usiwaangukie kwa pamoja.

Mistari siijadili sana, maana bila mistari hakuna lolote katika barua hii litakalofanya kazi. Lakini nikueleze jambo moja ambalo wakulima wengi hulipuuza: kupunguza miche. Ukipanda kilo moja na nusu ya mbegu kwa ekari, unakuwa umeweka ardhini karibu mbegu nusu milioni, wakati nafasi ya sentimita 60 kwa 15 inahitaji mimea 45,000 tu. Nyingine zitaliwa na wadudu, nyingine hazitaota, lakini bado utabaki na miche mingi kupita kiasi, na kwa mche wa ufuta, mche mwenzake aliye sentimita mbili pembeni ni gugu kama magugu mengine. Changanya mbegu na mchanga mkavu, kipimo kimoja cha mbegu kwa vitatu au vinne vya mchanga, ili isidondoke kwa mafungu, ifukie kwa sentimita 2 hadi 3 tu, kisha punguza miche ikifikia kimo cha kiganja, siku ileile ya palizi ya kwanza, udongo ukiwa na unyevu. Palizi hiyo ya kwanza ifanyike kati ya siku ya 14 na ya 20 baada ya kuota. Jembe lisizame, kwa maana mizizi mingi myembamba ya ufuta iko juu juu, na mkulima anayechimba kwa nguvu akidhani anapalilia vizuri huikata bila kujua. Palizi ya pili ifuate kabla maua hayajachanganya.

Ipo njia nyingine ya kupunguza kazi ambayo haigharimu chochote isipokuwa uvumilivu. Ufuta unapenda udongo wenye joto na hauhitaji kuwahi mvua ya kwanza kabisa. Andaa shamba mapema, lilainishe kama vile unapanda kesho, kisha usipande. Acha mvua za mwanzo ziyaoteshe magugu kwa siku 10 hadi 14. Yakishatoa majani mawili matatu, yakwangue kwa jembe la juu juu siku yenye jua, halafu panda bila kulima tena. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi: akishayaua magugu hutamani kuligeuza shamba upya ili lipendeze, na kwa kufanya hivyo huzipandisha juu mbegu mpya za magugu zilizokuwa zimelala chini. Kama msimu wenu ni mfupi mno kiasi kwamba siku 14 zina thamani, tumia njia hii katika sehemu yenye magugu mengi zaidi tu.

Ndago na yale majani ya maji uliyoyataja yana tabia zao. Ndago ina viazi vidogo ardhini. Ukiikata juu, kiazi hutoa chipukizi jingine, wakati mwingine zaidi ya moja. Usipange kupambana nayo ndani ya ufuta. Ipunguze wakati wa kiangazi kwa kulima na kuviacha viazi vyake vikaushwe na jua. Majani ya maji nayo ukiyakata na kuyaacha juu ya udongo wenye unyevu, kila kipande chenye kifundo huota mizizi, kwa hiyo yanapaswa kukusanywa na kutolewa shambani. Niliwahi kuona lundo la majani hayo pembezoni mwa shamba likiwa limechipua upya baada ya wiki mbili, mwenye shamba akiwa na uhakika kwamba aliyamaliza.

Tukija kwenye dawa, maelezo uliyopewa kwamba ipo ya kupulizia juu ya ufuta ikaua magugu yote na kuuacha ufuta si sahihi, na ningeomba usiyajaribu katika shamba zima. Ufuta wenyewe ni mmea wa majani mapana. Dawa yenye uwezo wa kuua mchicha pori na majani ya maji baada ya kuota ina uwezekano mkubwa wa kuuona ufuta kuwa ni ndugu yao. Dawa ya 2,4-D, ambayo watu huitumia kwenye mahindi, huukunja na kuuharibu ufuta hata ikifika kwa upepo tu kutoka shamba la jirani, au ikiwa ni mabaki yaliyosalia ndani ya bomba ambalo halikuoshwa vizuri. Kilichopo ni cha aina mbili. Ya kwanza ni dawa za kupulizia udongo mara baada ya kupanda na kabla ya ufuta kuota, kama vile pendimethalini, na kwingineko metolaklo. Ya pili ni dawa zinazoua magugu ya jamii ya nyasi tu ndani ya zao la majani mapana, kama klethodimu. Pendimethalini hupuliziwa ndani ya siku moja au mbili tangu kupanda, kwenye udongo wenye unyevu. Haiui gugu lililokwisha kuota, wala haiwezi ndago. Katika udongo wa kichanga, mvua kubwa ikiishusha hadi mahali mbegu ilipo, ufuta wenyewe hudhurika, hasa kipimo kikizidi. Kabla ya kununua, soma lebo uone kama ufuta umetajwa miongoni mwa mazao ambayo dawa hiyo imesajiliwa kwayo nchini kwenu, fuata kipimo kilichoandikwa hapo, na ujue kwamba hata ikifanya kazi vizuri itakupunguzia palizi ya kwanza lakini haitaifuta ya pili.

Robo ekari ya mahindi inaingia hapa. Dalili ulizozieleza, yaani kuota vizuri kisha majani kukauka kuanzia pembeni, zinalingana na masalia ya atrazini. Dawa hiyo haizuii mbegu kuota. Hulizuia jani lisijitengenezee chakula, ndiyo maana mche hutoka ukiwa na afya na kufa ukishaanza kujitegemea. Hudumu zaidi udongo ukikaa mkavu kwa muda mrefu au ukiwa na asili ya chumvichumvi na chokaa. Usikisie kama imekwisha. Chukua udongo wa eneo hilo ukaujaze katika makopo matatu yaliyotobolewa chini, jaza makopo mengine matatu kwa udongo wa mahali ambapo hapakupuliziwa, panda mbegu 10 za ufuta katika kila kopo, yaweke juani na kuyamwagilia kwa wiki tatu. Ikiwa miche ya makopo ya kwanza inaungua pembeni na ya pili iko salama, eneo hilo lirudishie mahindi au mtama kwa msimu mmoja zaidi, bila dawa hiyo.

Ningetamani sana eneo hilo lifae, kwa sababu ya kile kiduha. Kiduha hushambulia nafaka, na mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri harufu ya mzizi. Mizizi ya ufuta hutoa kitu kinachozichochea mbegu hizo kuota, lakini kiduha hakiwezi kushika na kunyonya, hivyo hufa kingali kichanga. Ufuta ukipokezana na nafaka, akiba ya kiduha ardhini hupungua, ingawa msimu mmoja hautoshi kuimaliza.

Sasa mbegu. Rafiki yako na kijana wako wote wana hoja, ila wameichagua mbegu kana kwamba palizi ni jambo la mtu mwingine. Kwangu mimi aina ya mbegu na mpango wa palizi ni uamuzi mmoja, na nitakuonyesha kwa nini.

Ufuta usio na matawi hupanda kama fimbo. Vitumba vyote viko kwenye shina, hukomaa kwa kukaribiana, na kuuvuna ni rahisi. Lakini kwa kuwa hautanuki, unahitaji kupandwa kwa kubanana, kwa mfano sentimita 45 kwa 10, ambayo ni mimea karibu 90,000 kwa ekari, mara mbili ya ile hesabu ya kwanza. Ukiupanda kwa nafasi ya sentimita 60, mwanga utaendelea kufika ardhini kati ya mistari hadi mwisho wa msimu, na magugu ya awamu ya pili yatakushukuru. Ukiubana hadi sentimita 45, mistari ya ekari moja inakuwa na urefu wa mita 9,000 hivi badala ya 6,700. Umeongeza zaidi ya kilomita 2 za palizi kwa kila ekari kwa kubadilisha mbegu tu. Zaidi ya hapo, aina hii haisamehi mapengo: pale mche ulipokosekana panabaki wazi, na gugu hukaa hapo.

Ufuta wenye matawi hufunika kwa upana na hujaza mapengo ya miche iliyokufa. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 15 au 20 jembe linapita kwa raha, na baada ya wiki ya sita au ya saba kivuli chake huanza kukusaidia kazi. Ubaya wake ni ule ulioulalamikia: matawi ya chini na ncha za juu hazikomai kwa siku moja, na mvunaji lazima ajue kukata wakati sehemu ya mmea bado ina kijani.

Kuhusu muda mfupi, zipo aina zinazokomaa kwa takriban siku 80 hadi 90 na nyingine zinazokwenda hadi siku 120 au zaidi. Kama mvua zenu hukatika mapema, au kama utasubiri siku 14 za kuyaotesha magugu kama nilivyoeleza, aina ya muda mfupi ina faida ya wazi. Lakini inapaliliwa kwa nidhamu kubwa zaidi, si ndogo zaidi. Mmea unaoanza kutoa maua mapema hauna siku za kufidia ulichonyang'anywa ukiwa mchanga. Ungekuwa umeipanda hiyo msimu uliopita na kuipalilia siku zilezile, naamini ungevuna pungufu zaidi.

Tahadhari nyingine ni juu ya mbegu za kutoka mbali. Ufuta huhisi urefu wa mchana, na kwa asili hutoa maua mchana unapokuwa mfupi, hivyo aina iliyosifiwa katika nchi iliyo mbali na ikweta inaweza kuchelewa au kuwahi kutoa maua ikifika kwenu. Anza na aina zilizojaribiwa katika ukanda wenu wa hali ya hewa.

Namwelewa kijana wako kuhusu ufuta usiopukutisha. Mwaka 1943, mtafiti wa Kimarekani Derald Langham aliyekuwa akifanya kazi nchini Venezuela aligundua mmea wa ufuta ambao vitumba vyake havikufunguka vikikauka, na ugunduzi huo ukafungua njia ya kuvuna ufuta kwa mashine. Ila vitumba vilivyofunga kabisa vilileta shida yake, maana kuzitoa mbegu kulihitaji nguvu iliyoziumiza, na watafiti wakalazimika kutafuta aina za katikati, ambazo kitumba hufunguka ncha lakini kikaendelea kuzishikilia mbegu. Faida kubwa ya aina hizo ni kwa mwenye mashine ya kuvunia, kwa kuwa mmea lazima ukauke ukiwa umesimama shambani. Wewe unayevuna kwa mundu, kupukutika ndiko kunakokupurishia ufuta: unapindua mganda juu ya turubai, unaugonga kidogo, na mbegu zinamwagika zenyewe. Unachohitaji ni kuwahi. Kata pale majani ya chini yanapokuwa yamekauka na kuanguka, shina limekuwa la njano, na vitumba viwili au vitatu vya chini kabisa vinakaribia kupasuka ncha. Pasua kitumba cha katikati ya shina. Ukikuta mbegu zimeshapata rangi yake kamili, usingoje zaidi. Funga miganda midogo na uisimamishe wima juu ya turubai, midomo ya vitumba ikitazama juu, hadi ikauke.

Kwa hali yako, mikono minne, jembe la mkono na shamba lenye ndago, ningepanda ekari 2 za aina moja yenye matawi ya wastani, ya muda wa kati, kwa sentimita 60. Mistari 10 ya pembeni ningeipa ile isiyo na matawi anayoipenda rafiki yako, kwa sentimita 45, nikaipalilia siku zilezile na kupima mavuno yake peke yake. Rangi ya mbegu muulize mnunuzi kabla ya kununua: wanaouza kwa ajili ya kula na kuoka hutaka nyeupe iliyo safi, wakati mwenye kinu cha mafuta hujali zaidi kiasi cha mafuta, ambacho kwa ufuta huwa karibu nusu ya uzito wa punje.

Mbegu ya jirani yako sitakwambia ni mbaya kwa sababu tu imetoka ghalani. Ufuta hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, na mkulima anaweza kutunza mbegu yake kwa misimu kadhaa iwapo alianza na mbegu safi na anang'oa kila mmea usiofanana na wenzake kabla ya maua, kwa kuwa nyuki nao hawakosi kubeba chavua. Aliyokupa ilikuwa imekwisha kuchanganyika kwa muda mrefu, na mimea yako ilikuonyesha hivyo. Nina shaka pia kwamba sehemu ya ule mchicha pori uliipanda mwenyewe. Mwaga kiganja kimoja cha mbegu iliyobaki juu ya karatasi nyeupe. Punje nyeusi za mviringo zinazong'aa, ndogo kuliko ufuta, ni za mchicha; zihesabu, kisha tenga nyeupe na kahawia uone kila upande una ngapi. Na mbegu yoyote mpya utakayonunua, hesabu punje 100, zikunje katika kitambaa chenye unyevu mahali penye joto, na uzitazame siku ya tano. Zikiota chini ya 80, irudishe wakati risiti bado iko mkononi. Makopo ya udongo yaanze wiki hii, kwa sababu yanahitaji wiki tatu na mvua haitayasubiri.